Masika, watoto watatu, sebule moja: jinsi ya kuimaliza siku ya mvua bila kutoana roho

Mvua ya masika mimi nilikuwa naiogopa kweli. Radi sina shida nayo, na matope nimeshayazoea. Kinachoniogopesha ni ile saa moja asubuhi bati linapiga kelele mpaka ukiongea husikiki, barabara yetu huku Goba imeshageuka mto, basi la shule limesema halipandi huku leo, na watoto watatu wamesimama katikati ya sebule wananiangalia kama mimi ndo nimeileta hiyo mvua. Nina wa miaka sita, wa miaka minne, na mdogo ana mwaka na miezi minane, huyu wa mwisho ndo mwenye nyumba sisi wengine tumepanga kwake. Nyumba yenyewe ni sebule na vyumba viwili, na kibaraza ambacho mvua ikija na upepo kinakuwa bwawa.

Masika mbili zilizopita nilikuwa nafanya kile ambacho wengi tunafanya, wakiamka tu nawasha TV naweka katuni, naendelea na mambo yangu, naona nimepata. Kufika saa nne umeme umekatika, simu ina asilimia 11, watoto hawajachoka hata kidogo maana walikuwa wamekaa tu, ndo wanaanza kuvutana nywele na kupanda juu ya makochi, na bado kuna masaa kumi mbele kabla ya kulala. Siku moja nilikaa chini jikoni nikalia, sio utani.

Nilichokuja kugundua ni kwamba shida haikuwa mvua wala udogo wa nyumba, shida ni mpangilio. Mtoto hawezi kutulia kabla mwili haujachoka, na TV ukiitumia asubuhi umeshachoma karata yako kubwa mapema. Kwaiyo siku hizi kwangu siku ya mvua ina mpangilio mmoja tu: kwanza jasho, alafu mikono, alafu tumbo, TV mchana, na masikio jioni. Ukiubadilisha utajua mwenyewe, mimi nimeshajaribu. Ngoja nieleze moja moja jinsi navyofanya.

Hatua ya kwanza: usiku wa kuamkia

Siku ya mvua inaanza jana yake. Huku Dar masika ni Machi mpaka Mei, Aprili ndo yenyewe hasa, na vuli ni Oktoba mpaka Desemba, kwaiyo sio kwamba tunashtukizwa, kila mwaka inakuja na kila mwaka tunajifanya wageni. Jioni naangalia utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), wakisema mvua kubwa kwa mikoa ya pwani nafanya haya kabla sijalala: nachaji simu, pawabenki na ile taa ya chaji, naangalia LUKU imebaki ngapi maana kukimbia kutafuta bando ili ununue umeme huku mvua inanyesha ni mateso, naanua nguo zote hata zile mbichi, na nahakikisha ndani kuna unga wa ngano, hamira, sukari, mafuta na mayai. Hivyo vitano ukiwa navyo hata duka la Mangi lifungwe siku mbili hamfi njaa.

Alafu kuna boksi. Hili boksi ndo siri yangu kubwa kwaiyo nitalieleza vizuri. Ni boksi la kawaida la karatasi za A4 nililopewa stationari, linakaa juu ya kabati la nguo, na linashuka SIKU YA MVUA TU. Ndani kuna vipande vya vitenge nilivyoomba kwa fundi cherehani (bure kabisa, wanavitupa hivi), kalenda za zamani za kuchora nyuma yake, kalamu za rangi, selotepu, vibanio vya nguo vya rangi rangi, maboksi ya dawa ya meno na ya majani ya chai, chupa tupu za maji, na kamba ya katani. Hakuna kitu hata kimoja cha kununua dukani zaidi ya kalamu na selotepu. Lakini kwa sababu hawalioni kila siku, likishuka ni kama sikukuu. Mvua ikikata jua likawaka linarudi juu, hata walie. Ukilegeza hapo tu ukawaachia likae chini wiki nzima, limeshakuwa takataka kama midoli mingine yote.

Kitu kimoja, kama una mdogo anayeweka kila kitu mdomoni, vifuniko vya chupa, vifungo na shanga vitoe. Kwangu vifuniko viko kwenye kopo lake peke yake na kopo linashuka mdogo akilala.

Asubuhi: uji kwanza, na tusidanganyane kuhusu baridi

Watu wa Dar tunachekesha, mvua ikianza tu mtoto anavalishwa sweta, soksi, kofia ya kuziba masikio, kama tupo Makete. Jamani hata mvua ikinyesha kutwa nzima huku mara nyingi bado ni nyuzi 20 na kitu. Mtoto akicheza na sweta anatoka jasho, jasho linapoa mwilini, ndo baridi yenyewe hiyo unayoikimbia. Nguo ya mikono mirefu inatosha, na akilowa mbadilishe basi. Kama upo Njombe, Lushoto au Arusha hiyo ni habari nyingine, nyie vaeni.

Ila hapa kwenye baridi nitaweka neno zito kidogo. USIINGIZE jiko la mkaa chumbani kupasha joto, na kama unapikia mkaa usilihamishie jiko kwenye chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya mvua. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, huisikii inavyoingia, unaona tu usingizi na kichwa kuuma, na watoto ndo inawawahi. Kupikia kibarazani unalowa lakini unalowa ukiwa hai. Kama lazima uwe ndani, mlango wazi na dirisha wazi, na mtu yeyote asilale humo.

Uji wenyewe wa ulezi, au chai ya mchaichai na tangawizi kidogo. Mchaichai hauna haja ya majani ya chai, chemsha na maziwa au bila, watoto wanajisikia wakubwa na wewe hujawapa majani ya kuwakesha.

Jasho

Wakimaliza kula tu, kabla hawajakumbuka rimoti iko wapi, tunaanza. Stuli na meza naisukuma ukutani, godoro moja linatoka chumbani linalala sebuleni. Dakika 30 mpaka 40, na wewe unacheza angalau zile 10 za kwanza, usikae kwenye kochi na simu ukisema "chezeni". Wanakuona.

Michezo ninayoitumia:

Gari la kanga. Hii kwa sakafu ya tailizi au simenti laini ni dhahabu. Mdogo anakaa katikati ya kanga iliyokunjwa mara mbili, mkubwa anashika ncha anavuta kutoka mlangoni mpaka chumbani, alafu wanageuza. Wa miaka minne anakuwa konda. Anayevuta anachoka, anayevutwa anacheka, na sakafu inapigwa deki bure. Mwambie anayevuta asikimbie kwenye kona maana kichwa cha abiria kitakutana na fremu ya mlango, kwetu kimeshakutana.

Nyama nyama. Hii kila aliyekulia Tanzania anaijua, mmoja anaita nyama ya ng'ombe, wote wanaruka wakisema nyama, anaita nyama ya kuku wanaruka, alafu anaita nyama ya paka, aliyeruka ametoka. Kelele za bati zinasaidia kwa kweli, piga kelele unavyotaka jirani hasikii kitu.

Visiwa. Tupa mito, ndala na vipande vya kitenge sakafuni, sakafu ni bahari, anayekanyaga bahari kaliwa na papa. Mwanangu wa kati anataka kila mara yeye awe papa kwaiyo mwisho wa siku tuna papa watatu na hakuna wa kuliwa, sawa tu, wanakimbia.

Kombolela ya ndani nayo ipo, ila kwenye vyumba viwili inaisha dakika tano, maana wote wanajificha nyuma ya pazia lile lile.

Kama unaona haya ni mambo ya kupoteza muda, WHO mwaka 2019 walitoa mwongozo wao wa watoto chini ya miaka 5, wakasema mtoto wa miaka 3 na 4 anatakiwa ajishughulishe na mwili dakika 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za nguvu. Dakika 180 ni masaa matatu. Siku ya jua anayamaliza mwenyewe huko nje bila wewe kujua, siku ya mvua asipoyamaliza anayamalizia kwenye kichwa chako.

Radi ikipiga

Hii sio hatua, inakuja inapotaka. Ukiona radi inakuja chomoa TV na friji ukutani kabla haijaanza kupiga, ikianza usiwaogeshe wala kuosha vyombo bombani mpaka itulie, na toka dirishani. Wa kati wangu alikuwa akisikia radi anaingia chini ya kitanda hatoki. Kumwambia "usiogope" hakujawahi kusaidia mtoto yeyote duniani. Kilichosaidia ni kumpa kazi: ukiona mwanga tu anza kuhesabu taratibu, moja, mbili, tatu, mpaka usikie mlio. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, kwaiyo ukihesabu tisa imepiga kama kilomita tatu kutoka hapa. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde na mwanga unafika hapo hapo, ndo maana. Siku hizi anatoka chini ya kitanda mwenyewe kuja kuhesabu, na mkubwa anatangaza kama mtangazaji wa redio, "sasa hivi ipo Madale, sasa hivi imehamia Mbezi". Hata kama anakosea upande, hakuna anayelia. Ila wakihesabu wakafika mbili au moja tu, ipo juu yenu, hapo wote katikati ya nyumba mbali na nyaya na mabomba, mnakumbatiana mnasubiri.

Mikono

Sasa wamechoka, wamekaa wenyewe, wengine wamelala chali wanahema. HAPA ndo unashusha boksi. Ukilishusha mapema wanavitupa tu, ukilishusha hapa wanakaa saa nzima na zaidi.

Tandika mkeka au jamvi, sheria ni moja, kazi haivuki mkeka. Cha kwanza ni kile wanachokitaka wenyewe, acha wachague, mkubwa anajenga gari la boksi la dawa ya meno, wa kati anabana vibanio kwenye ukingo wa ndoo, nyekundu huku bluu huku, na kila akimaliza anavitoa anaanza upya, sijui anapata raha gani ila anapata.

Wakianza kuchoka navyo, tengeneza unga wa kuchezea. Vikombe viwili vya unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, kijiko kikubwa cha mafuta, na maji ya vuguvugu kidogo kidogo mpaka ushikane kama donge la chapati, haifiki kikombe kizima. Gawanya madonge matatu: moja weka binzari linakuwa njano, moja weka maji ya bitiruti linakuwa la waridi, la tatu tuliliweka maji ya mchicha uliosagwa likawa kijani cha ajabu kidogo, watoto waliliita tope la chura na ndo lilipendwa kuliko yote. Chumvi ile ni nyingi, kwaiyo mdogo asile, kuuonja kidogo hakumuui lakini asifanye chakula. Ukimaliza funga kwenye mfuko weka frijini, unakaa siku kadhaa. Binzari inashika kwenye nguo, wavue mashati wacheze kifua wazi.

Na kuna hiki cha kupima mvua, mkubwa wangu ndo kimemshika kabisa. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata sehemu ya juu pale inapoanza kubana, igeuze uitumbukize kama faneli, chini weka mawe madogo isipeperuke, jaza maji mpaka yafunike mawe na ile mikunjo ya chini, chora mstari, hapo ndo sifuri. Bandika rula kwa selotepu kuanzia kwenye mstari. Iweke mahali pa wazi, sio chini ya mti wala chini ya bati linapochuruzika. Kesho saa tatu asubuhi unasoma zimeingia milimita ngapi. TMA wakitangaza mvua wanatumia milimita hizo hizo, kwaiyo mtoto anaona na yeye ni mtu wa hali ya hewa.

Alafu mfanyie hesabu hii aone maajabu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Kwaiyo bati la mita za mraba 50 ikinyesha milimita 20 zimepita juu yake lita 1,000, ni ndoo kubwa 50 za lita 20. Alivyosikia hivyo mwanangu akatoka na kikombe kwenda kukinga. Mimi ndo nikaanza kumwambia baba yao habari za gata na simtanki, mpaka leo naambiwa tutaweka.

Tumbo

Saa tano hivi njaa inaingia, na badala ya kuwatoa jikoni, waingize. Sisi siku ya mvua ni maandazi, ni sheria kama ilivyo pilau na Idi. Nusu kilo ya unga, sukari nusu kikombe au pungufu, hamira kijiko cha chai kilichojaa, hiliki ya kutwanga, chumvi kidole, na tui la nazi la vuguvugu kama kikombe kimoja na kidogo. Tui la moto linaua hamira, chovya kidole, ukihisi kama maji ya kumuogeshea mtoto ndo lenyewe.

Kazi ni za kugawana na kila mtu anajua yake. Wa kati anatwanga hiliki, kinu kidogo na mchi kidogo, zinaruka nusu lakini harufu inajaa nyumba nzima na hiyo harufu na mlio wa mvua, jamani, mimi hapo nasahau hata kama nadaiwa kodi. Mkubwa anakanda na mimi nakanda, dakika kumi bila kuiba, kila mtu na donge lake. Mdogo anapewa kadonge kake akanyanyase, kanakuwa ka kijivu, hako hatukapiki. Funika unga na kitambaa, weka sehemu yenye joto, na ukubali kwamba siku ya mvua unachelewa kuumuka, badala ya saa moja inaweza kuwa saa na nusu. Huo muda wote watoto wanakuja kufunua kila dakika mbili kuangalia umekua kiasi gani, na wewe unaosha vyombo. Unasukuma, wao wanakata kwa glasi na kisu cha kupakia siagi, umbo lolote, kuna siku tulikula herufi.

Kukaanga ni mimi peke yangu. Mlango wa jikoni unafungwa, au kama ni jiko la nje kibarazani naweka mstari wa chaki na mkubwa anakuwa mlinzi wa mdogo. Mafuta ya moto na mtoto mdogo na sakafu yenye maji ya mvua, hivyo vitatu usivikutanishe. Kwa sababu hiyo hiyo kashata sifanyi nao, sukari ikichemka ikakugusa inashika ngozi haitoki, hizo nafanya wakilala.

Bisi pia zinaendana na mvua lakini mdogo hapati, wala karanga nzima. Chini ya miaka 4 vinapaliwa kirahisi sana. Yeye anapewa andazi la kuchovya, na muhogo wa kuchemsha uliolainika.

Hamna nazi? Tumia maziwa, au maji. Hamna hamira? Pika chapati za maji, mayai mawili, unga, chumvi, maji, kitunguu ukitaka, mtoto anakoroga wewe unamimina. Hamna kitu kabisa ni mwisho wa mwezi? Uji mwingine, na hadithi ya jinsi maandazi yatakavyokuwa wiki ijayo.

Mchana: usingizi alafu TV

Wakishashiba mdogo analala mwenyewe bila kubembelezwa, mlio wa bati ni dawa. Chandarua kishushwe hata kama ni mchana, nitaeleza huko chini kwa nini. Hawa wakubwa wawili sasa ndo wanapata katuni yao. Saa moja. Ule mwongozo wa WHO unasema kwa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku na pungufu ni bora zaidi, na chini ya miaka 2 wao wanashauri asiwekwe kabisa, ndo maana nasubiri mdogo alale. Umeme ukiwa umekatika simu uliyoichaji jana ndo inafanya kazi hapa, pakua katuni mapema ukiwa na bando la usiku.

Na wewe hiyo saa moja ni yako. Usifue. Nguo hazikauki hata ukifua, zitakaa siku tatu zinanuka uvundo. Fua zile za shule na za mdogo tu, kamua sana, tundika ndani karibu na dirisha zisibanane. Alafu kaa.

Mvua ikikata

Mara nyingi saa kumi hivi inakatika kidogo. Toka nao. Dakika 20 za nje zina thamani kuliko boksi zima. Jongoo wanakuwa wametoka, wale weusi wakubwa, konokono wamepanda ukutani, vyura wanalia mtaroni. Mwache mtoto aguse jongoo kwa kijiti ajikunje, ila asimshike akajipangusa machoni maana anatoa majimaji yanayowasha. Kuna kitendawili kinaendana na saa hii, ajifungua na kujifunika, na jibu lake ni mwavuli, wa kwangu walikipata baada ya kuniona navyohangaika na mwavuli wangu uliovunjika mbavu.

Mkiwa nje cheza nao mchezo wa kuwinda maji. Kila mtoto atafute kitu kilichosimamisha maji na akimwage: kifuu, kopo, tairi, kisahani cha ua, ndoo bovu, mfuko wa nailoni. Anayepata vingi ndo bingwa. Yai la mbu mpaka awe mbu mzima ni kama wiki moja tu au siku kumi, kwaiyo mkifanya mara moja kila wiki mnakata mzunguko. Mbu wa homa ya dengi anauma mchana na anapenda maji masafi ya kwenye makopo majumbani, Dar tulipata mlipuko wake 2014 na tena 2019, watu walilala mahospitalini wiki nzima. Huyo ndo sababu ya chandarua cha mchana. Wa malaria yeye anakuja usiku.

Sehemu ambayo sina mchezo nayo ni maji ya mafuriko. Ndala mguuni, hakuna kukanyaga maji ya mtaroni wala yale yaliyotuama barabarani, vyoo vinafurika na kuna watu wanategea mvua ili watapishe vyoo vyao mtaroni, tunajuana. Wakirudi ndani mikono na miguu kwa sabuni. Maji ya kunywa chemsha hata kama ya bomba yanaonekana masafi, mvua ikizidi chochote kinaingia. Akiharisha na huna paketi ya ORS ndani: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya usawa sio vya mlima, mpe kidogo kidogo, na akiwa analegea, macho yameingia ndani, hanywi au anaharisha damu usisubiri mvua ikate, nenda kituo cha afya.

Jioni: masikio

Giza limeingia, mara nyingi umeme haupo, na hii ndo sehemu niliyokuwa naichukia na sasa naisubiri. Tundika kanga nyeupe nyeupe au shuka kwenye kamba katikati ya sebule, weka taa ya chaji nyuma yake, mikono mbele ya taa. Mbwa ni rahisi, sungura vidole viwili, mamba mikono miwili. Mshumaa usitumie, shuka na moto na watoto nani anataka.

Alafu vitendawili. Kitendawili! Tega! Kila niendapo ananifuata. Na kivuli chenyewe kipo pale kwenye shuka, wa kati alipata jibu kwa kukiona akaruka kama kashinda bahati nasibu. Mzungu katoka Ulaya na mkono kiunoni, kikombe. Kuku wangu katagia mwibani, nanasi. Nyumba yangu haina mlango, yai. Wakishindwa unadai mji, "nipe mji", na mtoto anatakiwa akupe mji uende ukatembee ndo utoe jibu. Hapa usikubali haraka. Mkubwa alinipa Mwanza, nikakaa nikawaambia nimefika Mwanza, nimekula sato, nimepanda juu ya mawe nikaona ziwa halina mwisho, ndo nikarudi na jibu. Wa kati akashindwa kinachofuata akanipa mji wa Buguruni. Basi nikaenda Buguruni, nikala mihogo na kachumbari, nikapotea sokoni, nikaonekana. Siku hizi wanashindwa makusudi ili tu nisafiri.

Mwisho hadithi, wote chini ya shuka moja. Mama mkwe wangu ni wa Tanga, yeye anaanza na Paukwa watoto wanajibu Pakawa, mimi kwetu ni hadithi hadithi, hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Wanadai zote mbili. Sungura na Fisi watakutosha masika nzima, huhitaji kitabu, Fisi anapenda kula, Sungura anapenda kudanganya, zaidi ya hapo tunga. Mvua ikiwa kubwa sana bati likazidi sauti yako, usishindane nalo, nong'ona kwenye sikio la mmoja naye amnong'oneze mwenzake, hadithi ikifika upande wa pili Fisi ameshakuwa dereva wa bodaboda.

Kama unashinda kazini na watoto wanabaki na dada, usimuachie tu sentensi ya "wasiangalie TV sana". Mwandikie kwenye karatasi ubandike jikoni: jasho, mikono, tumbo, TV, masikio, na masaa yake. Na mshushie boksi kabla hujaondoka. Kwenye chumba kimoja inawezekana vile vile, nililelewa hivyo, godoro linasimamishwa ukutani na visiwa vinakuwa vitatu badala ya kumi. Na baba akiwepo, ukweli gari la kanga akivuta yeye linaenda mbali zaidi, mwamshe.

Kwenye friji yetu kuna karatasi ya milimita, mkubwa anaandika mwenyewe kila asubuhi. Jumatatu 12, Jumanne 31, Jumatano 4. Alhamisi kaandika "mdogo kainywa".